Maswali yenu kuhusu Jim Tressel: visuruali vya dhahabu, tatuu na barua pepe

Tangu Jim Tressel aapishwe kuwa naibu gavana wa Ohio, Februari 2025, ubishi uliokuwa umelala umeamka upya. Wasomaji walioko Columbus na Cleveland wameniandikia kwa wingi, wengine kwa hasira kweli. Nimechagua machache.

Ndugu mwandishi, sisi tulioko Nakuru hatumjui huyu mtu. Ni nani, na kwa nini binamu zangu wa Columbus wakikutana harusini lazima wagombane kwa ajili yake?

Alikuwa kocha wa Ohio State kuanzia 2001 hadi 2010, katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Usidhani kwa sababu ni timu ya chuo basi ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya laki moja, na unajaa.

Watani wao wa jadi ni Michigan. Wewe wa Nakuru fikiria Gor na AFC, kisha ondoa utani, ubakize chuki. Kocha aliyemtangulia Tressel, John Cooper, alikaa miaka 13 na kuifunga Michigan mara 2 tu, akatoka sare mara 1 na kupoteza mara 10. Alishinda mechi nyingi nyingine, lakini hazikumsaidia, wakamfukuza. Januari 2001 Tressel akapewa kipaza sauti katikati ya mechi ya mpira wa kikapu, akawaahidi watu kwamba watajivunia vijana wao darasani, mitaani, na zaidi ya yote baada ya siku 310, huko Ann Arbor, Michigan. Siku ikafika, akashinda 26-20 hukohuko ugenini. Mwaka uliofuata akaleta ubingwa wa taifa, ambao Ohio State walikuwa wakiungoja tangu enzi za kocha wao wa zamani, Woody Hayes.

Mei 2011 akajiuzulu kwa aibu. Binamu zako wanagombania hizo nusu mbili za mtu mmoja.

Ubingwa wenyewe wa bahati! Mwamuzi ndiye aliyewapa. Mimi naishi Florida na bado naumwa. (Msomaji, Miami)

Pole, na najua unaumwa na nini. Fainali ya msimu wa 2002, Januari 3, 2003, Miami waliingia wakiwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Muda wa ziada wa kwanza, Ohio State wako kwenye jaribio la nne, la mwisho, pasi kwa Chris Gamble ikaanguka, na watu wa Miami wakaingia uwanjani kushangilia. Kisha ikaonekana bendera ya njano: beki amemshika Gamble. Ohio State wakapata uhai, wakasawazisha, na katika muda wa ziada wa pili wakamaliza 31-24.

Bendera ilichelewa, sibishi. Ila watu wa Ohio nao wana lao, na mimi niko upande wao hapa: mwishoni mwa muda wa kawaida huyohuyo Gamble aliudaka mpira kando ya mstari, waamuzi wakasema yuko nje. Wangeikubali ile, wangekula dakika zilizobaki na Miami wasingepata mkwaju wao wa kusawazisha 17-17. Na nani aliwalazimisha Miami kupoteza mpira mara 5 usiku ule?

Tazama pia walivyofika hapo. Penn State 13-7, Purdue 10-6, Wisconsin 19-14, Michigan 14-9. Kwa Purdue walikuwa nyuma, jaribio la nne, imebaki yadi 1, na badala ya kusukumana kuitafuta hiyo yadi, Craig Krenzel akarusha mpira mrefu kwa Michael Jenkins hadi ndani ya goli. Hicho ndicho kitu pekee cha kuthubutu nilichowahi kuona Tressel akikiruhusu. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kulinda, kuupiga mpira mbali kumrudishia mpinzani, na kungoja mpinzani akosee. Aliamini kabisa kwamba mpigo ule wa kuurudisha mpira ndio mchezo muhimu kuliko yote. Mashabiki waliokuwa wakisinzia jukwaani walimlaani hadi ubao wa matokeo ulipowaamsha.

Alipokutana na timu zenye kasi, mfumo huo ulimvua nguo: Florida 41-14 Januari 2007, LSU 38-24 mwaka uliofuata, fainali mbili mfululizo. Ukitaka kumkosoa kama kocha, anzia hapo. Achana na bendera.

Kaka, niambie ukweli, mtu anafukuzwaje kazi kwa sababu ya tatuu? Watoto walichorwa mikono tu!

Kaka, hakuondoka kwa sababu ya tatuu. Hili ndilo linaloharibu mjadala wote, kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa mpangilio.

Ohio State wana desturi tangu 1934. Mwaka ule kocha Francis Schmidt aliwaambia watu kwamba Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine kama binadamu wengine, na tangu hapo kila mchezaji anayeifunga Michigan hupewa kisuruali kidogo cha dhahabu. Baadhi ya wachezaji wa Tressel, akiwamo kwatabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Terrelle Pryor, waliuza visuruali hivyo, pete za ubingwa na jezi, au walivibadilisha kwa tatuu za bei nafuu kwenye duka moja mjini. Vitu ni vyao, lakini kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikataza mchezaji kunufaika hivyo.

Mwenye duka alikuwa anachunguzwa na serikali kuu kwa dawa za kulevya. Aprili 2010 wakili mmoja wa Columbus akamwandikia Tressel barua pepe kumtahadharisha kwamba wachezaji wake wametajwa. Tressel akajibu. Akaipeleka habari ile kwa mfanyabiashara mmoja wa Pennsylvania aliyekuwa karibu na Pryor. Kwa wakubwa wake chuoni, kimya. Septemba akatia saini fomu ya kila mwaka inayosema hajui uvunjaji wowote wa kanuni. Msimu mzima akawachezesha.

Desemba mambo yakafumuka kutoka serikalini. Wachezaji watano wakafungiwa mechi 5 za msimu uliofuata, ila wakaruhusiwa kucheza na Arkansas kwenye mechi ya baada ya msimu iitwayo Sugar Bowl. Tressel akawataka waahidi kwanza kwamba hawatakimbilia ligi ya kulipwa, watarudi kutumikia adhabu yao. Vijana wakaahidi. Yeye mwenyewe, aliyekuwa na barua pepe zile tangu Aprili, akasimama mbele yao kama mwalimu wa maadili.

Januari 2011 chuo kikazikuta barua zile kikitafuta kitu kingine kabisa. Machi wakamtoza dola 250,000 na kumfungia mechi 2, na rais wa chuo, Gordon Gee, alipoulizwa kama atamfukuza, akatania kwamba anaomba tu kocha asimfukuze yeye. Hebu linganisha: vijana mechi 5, mkubwa wao mechi 2. Baadaye Tressel aliomba mwenyewe yake nayo iwe 5, namsifu kwa hilo, lakini ilishakuwa too late kwa wengi, na Mei 30 akaondoka.

Lakini sheria yenyewe imekufa. Leo wachezaji wanalipwa mamilioni. Si mumwombe radhi mzee wa watu? (Msomaji, Cleveland)

Wachezaji wanastahili kuombwa radhi. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake. Pale Ohio gavana Mike DeWine ndiye aliyetia saini amri ya kuliwezesha, DeWine yuleyule aliyemteua Tressel kuwa naibu wake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ukitazama hivyo, kuwafungia vijana kwa kuuza kisuruali ni kituko. Ndiyo maana Pryor na wenzake walijitokeza 2021 kuomba rekodi zao zirudishwe, na nadhani walikuwa na haki.

Tressel ni kesi nyingine. Kanuni mbovu inaweza kupingwa hadharani, na mtu wa hadhi yake angesikilizwa. Hakuipinga. Aliisaini. Hakuna mabadiliko ya mwaka 2021 yanayogeuza saini ya uongo ya 2010 kuwa ya kweli.

Halafu kuna watu ambao hamuwataji kwenye barua zenu. NCAA iliifungia Ohio State kucheza mechi za baada ya msimu wa 2012. Msimu huo, chini ya kocha Urban Meyer, vijana wakashinda mechi 12 kati ya 12, kisha wakakaa nyumbani. Wengi wao hawakuwa na habari na duka lile. Wapo mashabiki wanaomlaumu mkurugenzi wa michezo, Gene Smith, kwamba angejitolea adhabu hiyo msimu wa 2011 timu ilipokuwa hovyo, na wana hoja. Ila deni lenyewe alilikopa Tressel.

Kwa hiyo unamweka kundi moja na Joe Paterno, yule kocha wa Penn State?

La hasha. Kule kulikuwa na watoto waliodhulumiwa na Jerry Sandusky, msaidizi wa zamani wa Paterno, aliyetiwa hatiani kwa makosa 45 mwaka 2012. Hiki ni kiatu kingine kabisa, na nawaomba msivichanganye.

Na Woody Hayes? Yeye alimpiga mchezaji ngumi mbele ya kamera lakini amepewa barabara.

Kweli. Mwisho wa 1978 alimpiga Charlie Bauman wa Clemson, kesho yake akafukuzwa, na leo barabara iliyo kando ya uwanja ina jina lake. Alikuwa amekaa miaka 28. Columbus husamehe hasira upesi kuliko kupoteza kwa Michigan.

Maurice Clarett alimtuhumu Tressel zamani. Mbona hamumtaji? (Dada wa Columbus)

Dada, umefanya vema kukumbusha. Clarett alikuwa mwaka wa kwanza tu alipobeba timu ya 2002, na ndiye aliyefunga lile la mwisho dhidi ya Miami. 2003 akafungiwa, 2004 akadai hadharani kwamba kocha alikuwa akimtafutia magari. NCAA haikupata ushahidi. Baadaye akafungwa jela, akatoka 2010, na leo ni miongoni mwa wanaomtetea Tressel kwa nguvu. Kuna pia kisa cha Youngstown State, alikochukua mataji 4 kabla ya kuja Columbus: kwatabeki wake, Ray Isaac, alikuwa akipokea pesa na magari kutoka kwa mwenyekiti wa bodi ya chuo. Tressel hakupatikana kuwa alijua. Mara mbili hakujua, mara ya tatu alijua. Mimi hilo linanisumbua, lakini wachezaji wake wa zamani haliwasumbui hata kidogo: Novemba 2012 wale wa 2002 walimbeba mabegani mbele ya uwanja mzima, siku ya Michigan, na watu wakapiga kelele hadi basi.

Tumalize ubishi wa kazini kwetu: dhidi ya Michigan ni ushindi 9 au 8?

Kwenye vitabu ni 8, na kupoteza 1, kwa sababu Ohio State walifuta ushindi wao wote wa 2010. Lakini kufutiwa ushindi si sawa na mpinzani kupewa. Michigan hawakupata kitu, na kwenye rekodi zao mechi ile bado imeandikwa kuwa walipoteza, 37-7.