Kidonda kilifunga, mkono ukaendelea kuwaka

Glasi ilinivunjikia mkononi nikiosha vyombo, usiku wa kuamkia harusi ya watu wa Langoni. Nilikuwa nimetia vidole ndani kusugua masalio ya sharubati, ikapasuka, na kipande kikanikata chini ya kidole cha shahada. Mkono wa kulia, mkono ninaopakia hina. Nilishonwa nyuzi tano, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama ncha ya kidole inahisi, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Ilikuwa na ganzi tupu.

Kidonda kilifunga vizuri, kovu jembamba kama uzi. Moto ulianza baada ya hapo. Tone la maji ya udhu likipita pale, nahisi nimeshika kaa la moto. Pindo la leso likinigusa, machozi yananitoka. Usiku, mkono umetulia juu ya mto na hakuna kinachougusa, shoti inapiga kutoka kwenye kovu hadi ukuchani, mara moja, mara mbili, kisha kimya.

Hapa Lamu huingii nyumba ya watu bila kutoa mkono, na wa kushoto hautolewi. Nikawa nauficha wa kulia ndani ya buibui, nasalimu kwa mdomo tu. Mabibi wawili watatu walisema nimeota kiburi tangu nipate wateja wa hoteli za Shela. Liliniuma neno hilo. Lililoniuma zaidi ni mfano wa shemeji yangu. Yeye ni fundi wa milango, patasi ilimwingia kiganjani vibaya kuliko glasi yangu, na leo amebaki na ganzi kidogo tu kidoleni na kazi anapiga kama kawaida. "Mbona mwenzako amepona?" Niliulizwa hivyo hata nikaanza kujiuliza mwenyewe kama nadeka.

Sikuwa nadeka. Na kama wewe unayesoma hapa una kovu lililopona zamani na bado linakuchoma, wewe pia hudeki.

Miezi saba nilikuwa kwenye dawa za kawaida za maumivu, daiklofenaki na panadol, hadi tumbo likaanza kuniwaka nalo. Daktari aliyenielewa nilimpata Mombasa. Hakuanza na picha wala damu. Aligonga kovu taratibu kwa ncha ya kidole chake, nikaruka kitini. Alisema kipimo hicho kina jina la Tinel, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1915 akitibu majeruhi wa vita, na kwamba ile shoti ni mshipa wa fahamu, yaani neva, unaojibu.

Alivyonieleza ni hivi. Mshipa wa fahamu ni kama kamba ya makumbi, nyuzi nyingi ndogo zimefungwa pamoja. Ukikatwa, nyuzi hujaribu kuota upya kuelekea zilikokuwa zikifika, yapata milimita 1 kwa siku. Zikipata njia hufika. Zikikutana na kovu hujisokota hapo hapo na kufanya kifundo. Kwenye kifundo hicho vilango vidogo vya sodiamu, ambavyo ndivyo vinavyowasha ujumbe wa neva, hurundikana kupita kiasi, na mshipa unaanza kupiga wenyewe bila kuguswa. Hiyo ndiyo shoti yangu ya usiku.

Lakini leso je? Leso haichomi mtu. Hapo mambo yanahamia juu, kwenye uti wa mgongo. Ujumbe wa maumivu ukimiminika huko siku baada ya siku, seli zinazoupokea huwa nyepesi kushtuka, na zile zinazofanya kazi ya breki hudhoofika. Mwisho hata ujumbe wa mguso wa kawaida unasomwa kama maumivu. Mtafiti Clifford Woolf alilionyesha hilo mwaka 1983. Nilipolielewa nilipumua. Kidole changu hakikuwa kinaoza, kama nilivyokuwa nikiogopa kila nikiamka.

Na shemeji? Daktari hakuwa na jibu moja, na nilimheshimu kwa hilo. Watu wanazaliwa na vilango hivyo vya sodiamu vikitofautiana, kwa hiyo jeraha moja hupiga kelele kwa mmoja na kunyamaza kwa mwingine. Anayeumia sana siku za mwanzo yuko katika hatari zaidi ya kuendelea kuumia. Kukosa usingizi na wasiwasi huchochea, kwa kuwa breki nyingine za maumivu hushuka kutoka kwenye ubongo. Mimi wiki zile za mwanzo nilikuwa silali, nawaza harusi nilizozikosa. Kisukari nacho huharibu mishipa ya fahamu bila kisu wala glasi, na mkanda wa jeshi unaweza kuacha moto mbavuni miezi mingi baada ya malengelenge kukauka, hasa kwa wazee. Mamangu mkubwa alikuwa na huo moto. Tulimpaka mafuta na kumwambia asubiri. Laiti ningelijua.

Basi haya ndiyo ninayowaambia watu wanaonijia.

Ukikatwa mkononi, kabla hujashonwa mwambie anayekuhudumia aguse mbele ya kidonda, ncha ya kidole, pande zote mbili. Kama huhisi, uliza kuhusu mshipa. Mshipa uliokatika unaweza kuunganishwa kwa upasuaji, na mapema ni bora kuliko baadaye.

Ukienda na maumivu ya zamani, usiseme "mkono unauma" ukanyamaza. Sema unachoma, unapiga shoti, una ganzi, nguo ikigusa inauma. Maneno hayo ndiyo yanayomwelekeza daktari kwenye neva, na dawa zake ni nyingine kabisa. Mimi nilipewa amitriptilini, miligramu 10 usiku. Nilisoma karatasi ya ndani nikakuta ni dawa ya sonona, nikakasirika, nikaiweka kabatini siku nne. Nilikosea. Kwa kiasi kidogo inatumika kuzipa nguvu zile breki za uti wa mgongo, na ilihitaji kama wiki tatu kuonyesha kazi. Inakausha mdomo, na Ramadhani nililiona hilo sana, na daku inakukuta na usingizi mzito. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kupewa, na usiiache ghafla.

Jirani alinishauri pilipili na mafuta ya nazi. Nilipaka, na sitaki kuukumbuka usiku ule. Hospitali kubwa za nje zina plasta ya kapsaisini, ukali wenyewe wa pilipili, inayotuliza neva, na mwanasayansi David Julius, aliyegundua kipokezi chake, yaani sehemu ya neva inayouhisi ukali huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Lakini hubandikwa na wataalamu, mara nyingi baada ya ngozi kutiwa ganzi. Ya jikoni iacheni jikoni.

Kilichonisaidia sawa na dawa ni kukizoesha kidole. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Nilianza na pamba, kisha leso iliyochakaa, kisha taulo, kisha nikatia mkono kwenye bakuli la mchele mkavu na kuukoroga polepole, na mwezi wa tatu mchanga wa pwani. Siku za kwanza nililia juu ya pamba. Usilazimishe, wala usiache, kwa sababu mkono unaofichwa buibui huzidi kuwa mwepesi wa kuumia.

Sasa napaka hina tena, bibi harusi mmoja kwa siku, si watatu. Natoa mkono kwa watu. Maji baridi ya alfajiri, hasa kusi ikivuma, bado yananichoma, kwa hiyo birika langu la udhu nalibandika jikoni kabla ya adhana.