Ukishuku Wizi Mezani: Ushauri kwa Wanaoanza Kucheza Poka Majumbani Dodoma

Wengi wanaoniuliza kuhusu poka hapa Dodoma ni watumishi waliohamishiwa makao makuu, ambao familia zao bado ziko Dar es Salaam au Mwanza, na ambao jioni hualikwa na mwenzao wa kazini kwenda kucheza karata sebuleni kwa mtu Ilazo, Kisasa au Area D. Swali lao huwa moja: nitajuaje kama naibiwa? Kabla ya kuhamia huku niliwahi kugawa karata katika kasino yenye leseni, na jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu mara nyingi hutajua. Kinachowezekana ni kuamua mapema shaka ya kiasi gani inatosha kukuinua mezani, na uhakika wa kiasi gani unahitajika kabla hujamwita mtu mwizi. Viwango hivyo viwili vimeachana mbali sana. Mgeni huvichanganya, akaendelea kukaa na kupoteza fedha huku akisubiri ushahidi ambao angeuhitaji tu kama angetaka kumshtaki mtu.

Sheria kwanza. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003, na meza ya fedha inayoendeshwa nyumbani bila leseni haimo katika usimamizi huo. Hakuna kamera, hakuna mkaguzi wa karata, na malalamiko yako yataanza kwa kukiri kwamba nawe ulikuwa unacheza mahali pasiporuhusiwa. Mimi siku hizi hucheza kwa tokeni zisizobadilishwa kuwa fedha, na sioni kwamba utamu umepungua. Mambo ninayoeleza yanahusu hata meza za namna hiyo, maana wapo wanaoiba kwa ajili ya sifa tu.

Jambo la kujifunza mapema ni kutofautisha wizi na bahati. Katika poka ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na tano nyingine hufunuliwa mezani, jozi ya ree (karata mbili za A) hutolewa kwa wastani mara 1 katika kila mikono 221, mkono ukiwa ni zile karata anazopewa mchezaji mmoja. Meza ya watu 8 ikicheza mizunguko 125 kwa usiku mmoja inakuwa imegawa mikono 1,000, kwa hiyo ni kawaida jozi hiyo kutoka mara nne au tano usiku huo. Mtu mmoja kuipata mara tatu ni jambo la takriban usiku 1 katika 50, na kwa kuwa mko wanane, mmoja wenu atakuwa na usiku kama huo mapema kuliko mnavyodhani. Kwa hiyo karata nzuri peke yake si dalili ya kitu. Dalili ni uhusiano: anayepata karata nzuri kila zinapogawiwa na mtu fulani, au anayetupa mkono mzuri hasa pale ambapo mpinzani wake ana mzuri zaidi, na kufuata dau (kuweka kiasi kilekile) kwa mkono dhaifu hasa pale ambapo mpinzani wake anapiga mkwara, yaani anaweka dau ilhali karata zake ni mbovu. Anayefanya hivyo mara moja ana jicho. Anayefanya hivyo usiku kucha bila kukosea anaonekana kuzijua karata za wengine, nawe unapaswa kujiuliza anazionaje.

Mara nyingi jibu liko juu ya meza yenyewe. Sebule nyingi za mjini zina meza ya kioo, na mgawaji anayepitisha karata karibu na kioo huonyesha uso wa karata kwa yeyote aliyekaa upande unaofaa, pengine bila yeye mwenyewe kujua. Simu iliyolazwa mbele ya mgawaji, skrini ikiwa imezimwa, ni kioo kizuri vilevile. Tandikeni blanketi au kitenge kizito juu ya meza, na simu zote zikae mfukoni au kwenye kabati. Ukipendekeza hivyo mwanzoni, kabla dau la kwanza halijawekwa, hakuna atakayejiona ametuhumiwa.

Karata zenyewe nazo zinahitaji macho. Pakiti za karatasi zinazouzwa kwa bei ndogo sokoni Majengo hazidumu, na kwa vumbi letu la kiangazi baada ya wiki chache kila karata huwa na kovu lake. Karata iliyokunjika pembe ni karata yenye alama hata kama hakuna aliyekusudia kuitia, kwa sababu anayeikumbuka anaisoma kutoka upande wa pili wa meza. Nunueni za plastiki, mzifute kwa kitambaa chenye unyevu, na kabla ya kuanza mzipange kwa mafungu ya kopa, uru, shupaza na pau, kumi na tatu kila moja. Kisha shika fungu lote, migongo ikikutazama, uziachie karata haraka kwa kidole gumba. Mchoro wa mgongo ukitulia, vizuri. Ukiona nukta au ua dogo linarukaruka kutoka karata moja hadi nyingine, zimechakachuliwa.

Kuhusu mikono ya mgawaji, wageni hupenda kutazama pasipo na maana. Wameambiwa kwamba mwizi hukunja kidole cha shahada mbele ya fungu ili aweze kutoa karata ya chini badala ya ya juu, basi kila anayeshika hivyo wanamshuku, ilhali mshiko unaokaribiana na huo hufundishwa hata kwa wagawaji wa kasino. Mimi nakushauri utazame zaidi wakati wa kukusanya karata baada ya mzunguko kwisha, kwa kuwa ndipo kila mtu anapolegea: mshindi anavuta fedha, aliyeshindwa anasimulia jinsi alivyokaribia kushinda, mwingine ameinuka kufuata maji. Katika nafasi hiyo, anayezikusanya anaweza kuokota ree mbili zilizokuwa wazi, akaziweka chini ya fungu, kisha akachanga karata kwa kelele nyingi bila kuzigusa zile za chini. Mkusanyaji mwaminifu hukusanya ovyo ovyo. Anayechagua ipi itangulie na ipi ifuate, akiwa amenyamaza, mtazame vizuri.

Kinga yake si ngumu. Karata zimwagwe mezani zikiwa kifudifudi na kukorogwa kwa mikono miwili kama dakika moja, ndipo zichangwe. Utafiti wa wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis, uliotolewa mwaka 1992, ulionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa yapata mara saba kwa mtindo wa kugawanya fungu katika sehemu mbili na kuziingiza kingo kwa kingo ili zichanganyike vya kutosha, na majumbani watu wengi huchanga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo mtu wa kulia kwa mgawaji akate, yaani ainue sehemu ya juu ya fungu na kuiweka chini, na karata ya jokeri iwekwe chini ya fungu ili karata ya mwisho isionekane. Asiyetaka karata zikatwe hana sababu ninayoweza kuikubali.

Hata hivyo, wizi ninaouhofia zaidi hauhitaji mkono mwepesi hata kidogo. Ni watu wawili waliokubaliana. Tuseme una jozi nzuri, na mtu wa kwanza anaweka shilingi 10,000. Unafuata. Wa pili, aliyekaa nyuma yako, anapandisha hadi 30,000, wa kwanza anapandisha tena hadi 80,000, nawe uliyebanwa katikati unatupa karata zako. Mara tu ulipotoka, wa pili naye anajitoa, fungu la fedha linachukuliwa, na karata zao hazionwi na mtu. Likitokea mara moja ni poka ya kawaida. Likijirudia kwa watu wale wale, na karata zao zikawa hazifunuliwi kamwe, hesabu yako ya usiku huo imekwisha. Baadaye watagawana, na pengine mmoja wao ataonekana amepoteza, akiwa ndiye anayekupa pole.

Wawili hao hupashana habari kwa njia ndogo sana: mahali wanapoweka tokeni juu ya karata zao, mkono shavuni, kikohozi, au maneno mawili ya lugha ya nyumbani. Kwenye kasino tulikuwa na kanuni ya lugha moja mezani wakati karata ziko mikononi, nami naipendekeza kwa meza za majumbani bila kumwonea mtu haya, iwe lugha hiyo ni Kigogo, Kihaya au Kiingereza. Lakini kuwa mwangalifu katika kuhukumu. Mke na mume, au bosi na mtumishi wake, huoneana huruma mezani pasipo njama yoyote. Fedha zako zitapungua vilevile, ila kuwaita wezi kutakuwa kuwasingizia.

Umgeni wako nao ni mtaji kwa mtu. Wakati wa vikao vya Bunge, hasa vile vya bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, mji hujaa watu wenye posho mfukoni wasiojuana, na mgeni anayeshinda usiku wa kwanza, akasifiwa kwamba ana kipaji, kisha akaalikwa tena Ijumaa kwenye dau kubwa zaidi, anapaswa kuuliza kwa nini dau limepanda alipofika yeye.

Usidhani kwamba mashine au uzuri wa mahali ni kinga. Katika klabu ya Friars ya Beverly Hills, Marekani, miaka ya 1960, wachezaji matajiri wa mchezo wa jin rami walichunguliwa karata zao kupitia matundu ya dari, na mchunguzi akamtumia mshirika wake ishara kwa kifaa cha umeme. Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa Brooklyn, New York, walitangaza kesi dhidi ya watu zaidi ya 30 wakidai kwamba katika michezo ya siri ya poka zilitumika mashine za kuchanga karata zilizobadilishwa ili kuzisoma na kupeleka taarifa nje ya chumba, kisha zirudi kwa mshirika aliyekaa mezani. Vyombo hivyo sijaviona huku kwetu. Watu wenye majina walikuwepo kwenye meza hizo za kesi ya Brooklyn, na kwa mujibu wa mashtaka hao ndio waliokuwa chambo.

Sasa, umeshuku. Usiseme neno “wizi” mezani, hasa kama kuna pombe. Omba jambo la utaratibu tu: tubadilishe pakiti, karata zikatwe, mgawaji apokezane na mwenzake. Maombi hayo hayamgusi mtu, nawe utazame ni nani anayekasirika. Unaweza pia kuomba karata zihesabiwe mkiwa mmepumzika, kwa kuwa zikiwa 51 au 53 meza nzima itasimama bila wewe kumnyooshea mtu kidole. Usimkamate mtu mkono wala kumpekua. Kama shaka inabaki, subiri mzunguko uishe, chukua kilicho chako, sema kesho una kazi asubuhi Mtumba, uondoke. Huwiwi maelezo na mtu yeyote, na wala usibaki “kurudisha” kilichopotea.

Mwenye nyumba mwambie kesho yake, mkiwa wawili, na umweleze ulichokiona bila kuongeza unachokidhani: nani aligawa, nani aliongeza dau, karata zipi hazikufunuliwa. Kama anakata sehemu ya fedha za mezani kila mzunguko, fahamu kwamba unazungumza na mtu mwenye maslahi. Usimtaje mtuhumiwa katika kundi la WhatsApp, kwa kuwa ukishindwa kuthibitisha utakuwa umeingia mwenyewe katika kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo. Endapo mtu amekamatwa mbele ya wote, karata ya ziada ikiwa mkononi mwake, mchezo usimame na fedha zirudishwe kwa kufuata daftari la nani aliingia na kiasi gani, daftari ambalo meza nyingi hazina na yako inapaswa kuwa nalo. Vipigo havirudishi fedha, na atakayepelekwa polisi huenda akawa wewe.

Linabaki deni. Wapo watakaokukopesha mezani ili usiondoke, kisha wakuandikie siku ya pili watume namba ya simu ya kupokelea. Usikope, usisaini karatasi, wala usiache kitambulisho au ufunguo wa gari. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu makubaliano ya kuwekeana dau kuwa batili, kwa hiyo anayekudai fedha za mezani atapata shida kuzidai mahakamani, na ndiyo maana huanza kukutisha. Ukitishwa, nenda kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wote kwenye simu yako, ukieleza habari nzima pamoja na sehemu inayokuaibisha, na usifute hata ujumbe mmoja kabla hawajauona.