Nimuazime mjomba punda wangu nimpendaye?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Lamu. Nina punda jike nimwitaye Johari, aliyezaliwa uani kwetu, na marehemu baba ndiye aliyenikabidhi. Nampenda sana, na kazi ninazompa ni za kiasi. Sasa mjomba wangu anajenga nyumba Shela, na ananiomba nimuazime Johari kwa miezi mitatu apandishe mawe na saruji kutoka majahazini. Mjomba hajapata kufuga punda. Watakaomwendesha ni vijana wanaolipwa kwa kila safari. Mwaka jana nilimuazima jirani kwa wiki moja, akamrudisha na kidonda mgongoni. Nimesita, na mama ananiambia nimekuwa bahili, akanisomea aya ya mwisho ya Suratul Maun. Je, nikikataa nina dhambi? Na yule jirani, nina haki ya kumdai?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwanangu, nianze na mama yako, kwa kuwa aya aliyokusomea ni nzito. Mwenyezi Mungu katika sura hiyo amewataja wanaozuia maun pamoja na wanaopuuza sala zao. Ibn Mas'ud (r.a.) alisema kuwa wakati wa Mtume (s.a.w.) wao walikuwa wakiihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ni vile vitu ambavyo jirani humgongea jirani mlango kuviomba, na mwenye tabia ya kuvinyima ana haki ya kuogopa.

Lakini chungu hakiumwi. Kikirudi na masizi utakisugua kwa mchanga na jivu, na jambo limekwisha. Johari akirudi na kidonda, ameumwa siku zote zile ambazo hukuwa ukimuona, wala hana ulimi wa kukueleza. Kwa hiyo mama amekukumbusha jambo la haki, ila kuna kiumbe wa tatu katika shauri hili ambaye naye ana haki zake, na hizo amekabidhiwa nani kama si wewe?

Iko hadithi ya Abu Huraira (r.a.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) akisema kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mmoja ni sitara, kwa mmoja ni mzigo wa dhambi. Yule ambaye kwake ni sitara ni mtu aliyemfuga ili ajitosheleze asiombe watu, "kisha asisahau haki ya Mwenyezi Mungu katika shingo zao wala migongo yao." Wanazuoni waliposherehesha haki ya mgongo, wengine walisema ni kumbeba mwenye haja, na wengine wakasema ni kumhurumia mnyama katika kupandwa, asitwishwe asichokiweza. Mimi naona haki zote mbili zinakaa juu ya mgongo mmoja. Mama yako ameiona ya kwanza. Wewe, kwa kile kidonda cha mwaka jana, umeiona ya pili.

Na usije ukasema hayo ni ya farasi, punda hayamhusu. Katika hadithi hiyo hiyo Mtume (s.a.w.) aliulizwa, na punda je? Akajibu kuwa hakuteremshiwa juu yao kitu ila aya hii ya peke yake iliyokusanya kila kitu: "Basi atendaye wema wa uzito wa chembe atauona, na atendaye uovu wa uzito wa chembe atauona." Sisi watu wa Lamu, ambao nyumba zetu na misikiti yetu vimepanda juu ya migongo ya punda, tungeisoma aya hiyo kila tunapotandika shogi.

Sasa hukumu yenyewe. Kuazima kwa asili yake ni sunna, si faradhi. Huwa wajibu panapokuwa na dharura: jirani ana mgonjwa wa kufikishwa hospitali, hakuna kipando kingine, na punda wako amesimama uani. Hapo kumnyima ni dhambi. Na huwa haramu ukijua kuwa unayemuazima atakitumia kitu katika maasi au dhuluma, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amesema, "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui." Nyumba ya mjomba ni jambo jema lakini si dharura, kwani punda wa kukodi Lamu hawakosekani. Kwa hiyo ukikataa huna dhambi. Hilo liwe wazi.

Ama mapenzi yako kwa Johari, usiyaonee haya. Mtume (s.a.w.) alikuwa na punda aliyempa jina, Ufair, akampanda pamoja na Muadh bin Jabal (r.a.). Na tazama Abu Talha (r.a.), yule ambaye iliposhuka aya "Hamtaufikia wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda" alikwenda akaitoa Bairuhaa, bustani aliyoipenda kuliko mali zake zote. Mtu huyo huyo alikuwa na farasi aitwaye Mandub. Usiku mmoja Madina ilishikwa na hofu ya adui, Mtume (s.a.w.) akamuazima Mandub, akampanda bila matandiko, akatoka peke yake kuuelekea ule ukelele. Aliporudi aliwatuliza watu kuwa hakuna kitu, akamsifu yule farasi kuwa amemkuta kama bahari kwa mbio zake. Naye alikuwa farasi mzito wa mwendo! Wapokezi wanasema baada ya siku ile hakuna aliyempita mbio. Abu Talha aliazima, na mali yake ikarudi na heshima zaidi ya ile iliyotoka nayo. Lakini tazama ni mikono ya nani iliyoshika hatamu.

Ndiyo maana swali lako la kujiuliza si kama unampenda Johari kupita kiasi. Jiulize ni nani atakayemshika. Nawe umeshanijibu bila kujua: vijana wanaolipwa kwa kila safari. Siwatuhumu, wanatafuta riziki ya halali. Ila anayelipwa kwa safari hana sababu ya kumpumzisha punda saa sita za mchana, tena punda asiyekuwa wake wala wa tajiri wake. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia alipomuona akalia, machozi yakamtoka. Akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza, kisha akamwambia mwenyewe kuwa hamchi Mungu kwa mnyama aliyemmilikisha, "kwani amenishitakia kuwa unamshindisha njaa na kumchosha." Aliyelaumiwa pale ni mwenye mnyama.

Ushauri wangu ni huu. Usimwambie mjomba kuwa Johari ni mgonjwa. Uongo mdogo kama huo ndio unaovunja udugu ukigundulika, na katika mji kama Lamu utagundulika. Mwambie kweli, kwa adabu, kuwa punda huyu ni amana ya marehemu baba na huna moyo wa kumtoa mikononi mwako, lakini wewe na punda wako mtakuja pamoja siku mbili au tatu za wiki kubeba mpaka nyumba isimame. Pakia kwa mkono wako, mnyweshe mwenyewe, mpumzishe jua likipanda. Hapo umeunga udugu kwa jasho lako, na mgongo wa Johari umepata haki zake zote mbili.

Ukiona huna nafasi hiyo, ukaamua kumuazima, basi weka masharti, na usidhani kuweka masharti ni ubahili. Siku ya vita vya Hunain, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, za Safwan bin Umayya, naye alikuwa bado hajasilimu. Safwan akauliza kwa hofu, ni kunyang'anywa, ewe Muhammad? Hakukemewa kwa swali lile. Alijibiwa, "Bali ni azima yenye dhamana." Mueleze mjomba ni mzigo gani, saa ngapi, na nani atakayemwendesha. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mjomba anaweza kuwatuma vijana wamfanyie kazi yake, lakini hawezi kumuazima mtu mwingine bila idhini yako. Nawe waweza kumrudisha Johari nyumbani siku yoyote, hata kama miezi mitatu haijatimia.

Jambo moja wengi hulikosea: chakula. Katika azima, chakula cha mnyama kiko juu ya mwenye mnyama. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, ameeleza kuwa mtu akisema "nakuazima farasi wangu kwa sharti umlishe," hiyo si azima tena bali ni ukodishaji uliofisidika, yaani usiosihi, kwa kuwa malipo yake hayajulikani. Basi ama mpelekee majani wewe, au mjomba amlishe kwa hiari yake bila sharti, au mkodishiane kwa bei iliyotajwa. Hili la mwisho halina aibu hata kati ya mtu na mjomba wake.

Ama jirani yako: kikiharibika kitu kwa matumizi uliyoyaruhusu, hakuna fidia. Ikiwa alimtwika zaidi ya mlivyokubaliana, au alimfanyisha kazi nyingine, anadhamini upungufu wa thamani na una haki ya kumdai. Lakini nadhani wewe hukumwambia chochote siku ile ya kumkabidhi kamba, na kama ni hivyo itakuwa vigumu kwako kuthibitisha kuwa alivuka mpaka. Msamehe ukiweza. Na hicho kidonda, kama bado hakijafunga vizuri, mpeleke Johari hospitali ya punda pale mjini, ambayo ipo tangu 1987, kabla ya jiwe la kwanza la mjomba kupanda mgongoni.

Wallahu aalam.