Mbunge Kijana Aanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Katuba hapa Lubumbashi, nina umri wa miaka 27, na wazee wa mtaa wananisukuma nigombee kiti katika bunge la jimbo la Haut-Katanga. Wananiambia kwamba mgombea asiyeahidi barabara hapati kura, na kwamba mbunge asiyesikika tangu siku ya kwanza husahauliwa. Nimesikia kwamba Abraham Lincoln wa Marekani naye alianzia katika bunge la jimbo akiwa kijana. Alianzaje, na alikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, alianza kwa kushindwa. Mwaka 1832, akiwa na umri wa miaka 23, aligombea kiti katika Bunge la Illinois akashika nafasi ya 8 kati ya wagombea 13; lakini New Salem, kijiji alichoishi, ilimpa kura 277 kati ya 300. Waliomfahamu walimchagua, na kwingineko hakuwa anajulikana. Baada ya hapo alifanya kazi ya posta na ya upimaji ardhi, ambazo zilimkutanisha na watu wengi wa wilaya yake, na mwaka 1834 akachaguliwa. Alikuwa maskini hata akakopa dola 200 ili apate suti na nauli ya kwenda Vandalia, uliokuwa mji mkuu wakati huo.

Kuhusu kusikika, katika kikao chake cha kwanza alisema machache. Alijifunza kanuni, na kwa kuwa aliandika kwa lugha iliyonyooka, wenzake wakamletea miswada yao awaandikie. Mbunge mwenzake John Todd Stuart, aliyekuwa wakili, alimwazima vitabu vya sheria, akajisomea mwenyewe hadi akapata leseni ya uwakili mwaka 1836. Kwangu mimi ubunge wake ulianza hapo hasa, kwa sababu hotuba hupita siku ileile, ilhali maneno yaliyoandikwa katika sheria ndiyo hakimu na mtoza kodi watakayoyafuata miaka mingi baadaye. Nawe una kalamu ya mwalimu, usiidharau.

Tuje kwenye barabara, maana hapo ndipo alipokosea vibaya. Mwaka 1837 bunge hilo, yeye akiwa miongoni mwa watetezi wakubwa, lilipitisha mpango wa dola zipatazo milioni 10 wa reli, barabara na kuboresha mito ipitike kwa vyombo vya majini, karibu fedha zote zikiwa za mkopo. Ili wabunge wa kila upande wakubali, kila upande uliahidiwa kitu, na wilaya zilizokosa reli ziligawiwa fedha. Mwaka huohuo mabenki yakayumba nchi nzima, kazi zikasimama, reli zikabaki vipande, na Illinois ikabeba deni lililochukua miongo kadhaa kulipwa. Lincoln aliendelea kuutetea mpango huo hata ulipokuwa ukiporomoka.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1837 alifanya jambo ninaloliheshimu sana. Bunge lilikuwa limepitisha kwa kura 77 dhidi ya 6 azimio la kuwalaumu waliotaka utumwa ukomeshwe. Tarehe 3 Machi yeye na mbunge mwenzake Dan Stone, wawili tu, waliandikisha pingamizi kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Ni kweli pia kwamba pingamizi hilo liliwakosoa wanaharakati wenyewe, kwa hiyo ujasiri wake ulikuwa na mipaka. Lakini alikuwa na umri wa miaka 28, na jina lake lilibaki katika kumbukumbu za bunge.

Kwetu wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta, nao ndio wanaopitisha edikti ya bajeti, yaani sheria ya jimbo ya bajeti. Basi wazee wakikuita tena, tafuta edikti hiyo ya mwaka huu, uisome pamoja nao kifungu kwa kifungu, mwone ni fedha gani zimetengewa barabara, kisha ndipo mzungumze ni ipi unayoweza kuiahidi.