Maswali na Majibu: Sarafu Ndogo Zibaki au Ziondolewe?

Ikiwa kutengeneza sarafu kunagharimu zaidi kuliko thamani yake, hiyo si sababu tosha ya kuiondoa?

Peke yake haitoshi. Sarafu haitumiwi mara moja ikaisha. Kama inapita mikono elfu moja kabla ya kuchakaa, hasara ya kuitengeneza ni ndogo mno ikilinganishwa na kazi iliyofanya. Tatizo la sarafu ndogo ni kwamba hazirudi. Mnunuzi hupewa kama chenji, akaitupia kwenye kopo au droo, na benki kuu ikalazimika kuagiza nyingine za kuziba pengo, ambazo nazo huishia humo humo. Ndipo gharama inapouma. Senti moja ya Kanada ilikuwa ikigharimu senti 1.6 ilipoacha kutengenezwa mwaka 2012. Ile ya Marekani ilikuwa imefikia takriban senti 3.7 katika mwaka wa fedha wa 2024, na utengenezaji wake wa kuingizwa kwenye mzunguko ukasimamishwa Novemba 2025. (Sarafu ya senti tano ya Marekani iligharimu karibu senti 14 katika mwaka huo huo, lakini hiyo bado inatengenezwa.)

Wauzaji hawatatumia nafasi hiyo kupandisha bei?

Hofu hii ndiyo inayorudi katika kila nchi, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Senti moja inapoondolewa, bei za bidhaa hubaki kama zilivyo; kinachobadilika ni jumla ya malipo ya fedha taslimu, ambayo hukadiriwa, yaani hupelekwa kwenye tano iliyo karibu. Jumla inayoishia na 1 au 2 hushuka hadi sifuri, inayoishia na 3 au 4 hupanda hadi 5, ya 6 au 7 hushuka hadi 5, na ya 8 au 9 hupanda hadi kumi inayofuata. Anayelipa kwa kadi au kwa simu hulipa kiasi kamili.

Chukua bidhaa ya senti 99. Anayenunua moja analipa 100, na muuzaji amepata senti moja ya ziada. Anayenunua mbili anadaiwa 198, analipa 200. Zikiwa tatu jumla ni 297, naye analipa 295, yaani sasa muuzaji ndiye aliyepungukiwa na senti mbili. Zikiwa nne, 396 inakuwa 395. Zikiwa tano, 495 haibadiliki. Ukijumlisha hatua zote tano, hakuna aliyepata wala aliyepoteza.

Hata hivyo sitaki kumpuuza muulizaji, kwa sababu wanunuzi hawagawanyiki sawasawa kama mfano wangu. Anayenunua kitu kimoja kimoja kwa fedha taslimu, mara nyingi kwa kuwa hana uwezo wa kununua vingi kwa pamoja, ndiye atakayekutana zaidi na ile 99 inayopanda. Kiasi ni kidogo, lakini kinamwangukia yeye na si mwenye kadi. Kwa hiyo sheria isiruhusu kamwe kila bidhaa kukadiriwa peke yake. Ikadiriwe jumla tu, na iandikwe hivyo kwenye risiti.

Nina kopo zima la sarafu. Zitapoteza thamani?

Inategemea uamuzi uliochukuliwa. Kuacha kutengeneza sarafu si sawa na kuifuta. Senti moja ya Kanada bado ni fedha halali, na benki huipokea. Nusu peni ya Uingereza, kwa upande mwingine, iliacha kuwa fedha halali mwishoni mwa 1984. Soma tangazo la benki kuu yako, kisha ukaziweke benki mapema.

Kwa nini nchi za euro hazikuamua kwa pamoja?

Sarafu za senti 1 na 2 ni halali katika nchi zote hizo, lakini kila nchi inajiamulia kama jumla zikadiriwe au la. Finland ilikadiria tangu euro taslimu ilipoanza mwaka 2002, Uholanzi ikafuata 2004, Ubelgiji ikalifanya sharti 2019. Ujerumani bado inarudisha chenji hadi senti ya mwisho.

Si afadhali kuziacha zipotee zenyewe, bila sheria?

Hapana, na hapa sina mashaka. Sarafu zikiadimika bila kanuni, anayeamua ni mwenye kaunta: atamwambia mteja hana chenji, au atampa badala yake kitu kidogo ambacho hakukiomba, na hesabu hiyo kwa kawaida huelemea upande mmoja. Marekani ilisimamisha utengenezaji kabla Bunge halijapitisha sheria ya kukadiria, ikawaachia wauzaji kila mmoja atafute njia yake. Mpangilio sahihi ni kanuni kwanza, kisha muda wa kuwazoesha watu na kurekebisha mashine za malipo, na kusimamisha utengenezaji kuje mwisho.