Ya Mmarekani na ya kijana wa Masasi

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, jirani na soko la Chikongola. Mteja akileta laptopu namwekea Windows na Office kwa shilingi 15,000, zote kutoka kwenye flashi moja. Juzi nilimwambia kijana ninayefanya naye kazi amwekee mwenye duka la pembejeo programu ya stoo iliyotengenezwa na jamaa mmoja wa Masasi. Akagoma: "Huyo namjua, huo ni wizi." Lakini za Wamarekani anaweka kutwa nzima! Je, sheria inatofautisha? Na dhambi je?
Fundi, Chikongola

JIBU: Fundi, sheria haitofautishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na tangu Tanzania iingie Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, mtunzi wa nje analindwa hapa sawa na wa ndani. Huyo wa Masasi wala hakuhitaji kusajili popote. Haki yake ilianza alipoiandika. Mbele ya hakimu kijana wako hana tofauti na wewe, yeye amechagua tu wa kumhurumia.

Ila umeuliza na dhambi, na hapo sikubaliani na wanaosema kilichoandikwa ndiyo haki, basi. Mimi ni mtu wa Mikindani. Huku kwetu binadamu waliuzwa, Wajerumani wakatawala mpaka wakaondoka bila kuufuta utumwa, hadi Waingereza walipotunga sheria ya kuufuta mwaka 1922. Kabla ya hapo mwenye watumwa alihesabiwa muungwana.

Hao Wamarekani nao hawakuwahi kukubaliana. Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi kuwalalamikia waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Mwaka 1983 Richard Stallman, naye mwandishi wa programu, akatangaza GNU, mradi wa programu zinazoruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, yeye akiona kosa ni kumzuia mtu asimgawie jirani yake. Nampenda Stallman, lakini tazama alichofanya: aliketi akaandika programu zake, akazigawa. Wanaomtaja vijiweni hurukaruka kipande hicho. Na Waislamu wenzangu, Jopo la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilikaa Kuwait mwaka 1988 likaamua kuwa haki za mtunzi zinalindwa, haziingiliwi.

Kijana wako si mjinga. Mwalimu wa Nanyamba ambaye asingenunua Office maishani hajamtia Mmarekani hasara ya kuniliza mimi. Duka moja la pembejeo kwa huyo wa Masasi ni kodi ya nyumba.

Lakini nyote wawili mmemsahau mteja. Faili la maelekezo ya hiyo kreki yenu, kile kiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, huanza vilevile: zima kwanza kinga ya virusi. Unaizima, unabonyeza, unangoja yale maandishi yaliyofifia ya kudai leseni kwenye kona ya chini ya skrini yapotee, halafu unamkabidhi mwalimu mashine yake, "Tayari, mwalimu." Hukumwambia kinga ilizimwa. Aliyeiandika kreki ni nani? Hata wewe humjui. Siku virusi vikifunga matokeo ya kidato cha pili, atarudi kwako, na utamtoza tena. Hapo, fundi, hata sheria ingekuruhusu, mimi nisingekuruhusu.

Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda juu zina leseni ndani ya bodi. Sakinisha toleo lilelile, safi; ukiunga intaneti inajitambua yenyewe. Badala ya Office weka LibreOffice: leseni yake inakuruhusu kunakili kwa umtakaye, hata kutoza ufundi. Shilingi 15,000 yako haijaguswa. Akitaka Word tu, mtajie bei ya leseni aamue mwenyewe.

Huyo wa Masasi mpigie, umwombe asilimia kwa kila duka utakalomfungia programu yake. Namba kijana wako atakuwa nayo. Wahi kabla ya msimu wa salfa ya mikorosho. Msimu ukianza, wenye maduka hawatakuwa na muda wa kukusikiliza.