Roti za atta: ulaini unatoka kwenye maji, si kwenye mafuta

Mpishi aliyezoea chapati za unga mweupe akianza kupika roti za Kihindi za atta, yaani unga wa ngano isiyokobolewa, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Anaona unga unanata mikononi, anaongeza unga mkavu mpaka donge linakaza, kisha anamimina mafuta ili kufidia ukavu. Roti inatoka ngumu, na ikipoa inavunjika. Dawa yake ni maji zaidi, muda wa kupumzisha unga, na moto mkali kwa dakika moja tu.

Chapati ya kwetu, ile ya kupaka mafuta, kukunja na kukaanga, ni ndugu wa karibu wa paratha ya Wahindi. Roti inayoliwa kila siku Kaskazini mwa India ni kitu kingine: unga wa atta na maji, basi. Chumvi robo kijiko cha chai ukipenda, ingawa nyumba nyingi haziweki kabisa kwa kuwa chumvi iko kwenye mchuzi. Ikivimba motoni huitwa phulka. Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki, wana rotli yao, ndogo na nyembamba zaidi, na wao hutia mafuta kidogo kwenye unga wakati wa kukanda.

Tuanze na unga, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia kabla hata jiko halijawashwa. Atta ni ngano nzima iliyosagwa kwa chakki, yaani kinu cha mawe, jiwe moja likizunguka juu ya jingine. Ule mkandamizo na joto la mawe huvunja sehemu ya chembe za wanga, na wanga uliovunjika hunywa maji mengi kuliko ulio mzima. Unga unaonywa maji mengi hutoa roti inayobaki laini hata ikipoa. Zaidi ya hapo, pumba zake zimesagwa laini sana. Unga wa brauni wa kawaida wa viwandani mara nyingi ni unga mweupe uliorudishiwa pumba, na pumba hizo ni kubwa, zina kingo zinazokata nyuzi za gluteni, ile protini ya ngano inayoshikilia donge. Ndiyo maana donge lake huchanika ukilisukuma jembamba.

Atta hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kihindi, kama yale ya Kisutu kwa Dar es Salaam au Ngara na Parklands kwa Nairobi. Soma mfuko: tafuta neno chakki, na angalia tarehe, kwa sababu mafuta ya kiini cha ngano huchacha. Unga mzuri unanukia utamu wa nafaka; ukinusa harufu ya mafuta ya zamani, rudisha. Huko India unaosifiwa zaidi ni ule wa ngano ya Sharbati ya jimbo la Madhya Pradesh, lakini usihangaike nao, atta yoyote mbichi itakutosha. Kama umekosa kabisa, chukua unga wa brauni, uchekeche kwa chekeche laini, toa pumba kubwa, kisha changanya sehemu tatu za unga huo na sehemu moja ya unga mweupe. Donge lake lipumzike saa nzima.

Kwa roti 11 au 12, pima gramu 250 za atta, kama vikombe viwili vya kupimia. Andaa mililita 185 za maji ya uvuguvugu, lakini usiyamwage yote. Anza na 160, yatie kidogo kidogo huku ukikusanya unga kwa vidole, kisha ongeza kwa kijiko mpaka pasibaki unga mkavu chini ya sinia. Kila mfuko una kiu yake, kwa hiyo mkono ndio utakaoamua mwisho. Maji ya moto sana, yale ya kukandia chapati, hayana haja hapa. Yatapika wanga na donge litakuwa la kunata.

Kanda dakika nane hadi kumi, ukisukuma kwa ngumi na kukunja. Dakika tatu za mwanzo utanata, vumilia. Lowesha ngumi kwa maji badala ya kunyunyiza unga. Mwishoni donge liwe laini kama ndewe ya sikio, tena laini kupita unavyodhani linafaa. Lifunike kwa kitambaa kibichi, liache dakika 25 hadi 30.

Huu muda wa kupumzika si wa mapambo. Pumba hunywa maji taratibu, kwa hiyo donge lililokuwa linanata mwanzoni linakuja kukauka lenyewe kiasi kinachofaa. Aliyeongeza unga mapema atakuta donge lake limekuwa gumu baada ya nusu saa, naye hatajua kwa nini. Gluteni nayo hulegea, roti isijivute na kurudi nyuma ukiisukuma. Baada ya kupumzika, kanda tena dakika moja, kisha bonyeza kwa kidole: shimo lirudi polepole. Likirudi haraka, donge bado limekaza, lipe dakika kumi zaidi.

Kata matonge ya gramu 35 hadi 38. Zungusha kila moja katikati ya viganja mpaka pasiwe na mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo ndio mlango mvuke utakapotokea. Liminye kidogo. Kingo zikipasuka hapo, unga una ukavu. Lowesha mikono, kanda tena donge lote, subiri kidogo. Matonge yanayosubiri yafunikwe.

Katika kusukuma, mti mwembamba uliochongoka pande zote mbili, ambao Wahindi huuita belan, unasaidia kuliko ule mnene. Chovya tonge kwenye unga mkavu pande zote, kung'uta, sukuma kwa mikono myepesi. Uzito uwe kwenye ukingo, si katikati. Ukizoea, roti itazunguka yenyewe chini ya mti. Lenga upana wa sentimita 16 na unene kama milimita moja na nusu, sawa kila mahali. Umbo la duara lina faida moja, unene sawa. Roti yenye umbo la ramani lakini unene sawa itavimba, ya duara safi yenye katikati nyembamba haitavimba. Kabla ya kuipeleka jikoni, irushe kati ya viganja vyote viwili ili unga mkavu uanguke. Unga huo ukibaki hugeuka mavumbi meusi kwenye chuma na kutia uchungu roti zinazofuata. Futa chuma kwa kitambaa kikavu kila baada ya roti tatu au nne.

Chuma cha chapati, tava, kipashe moto wa wastani kuelekea mkali dakika nne au tano bila mafuta. Chuma kizito ndicho kinachofaa. Kikaango cha kuzuia kushika hakipendi kupashwa kitupu namna hiyo. Dondosha tone la maji: liruke na kukauka mara moja. Au nyunyiza chembe za unga; zikibadilika rangi ndani ya sekunde chache, chuma kiko tayari. Zikiungua papo hapo, punguza.

Sasa roti inaingia. Upande wa kwanza ukae sekunde 15 hadi 20 tu, mpaka rangi ibadilike na vipele vidogo vitokeze juu. Geuza. Upande wa pili ukae sekunde 30 hadi 40, mpaka madoa ya kahawia yaenee. Kisha ishike kwa koleo, bila kuitoboa, na uiweke moja kwa moja kwenye moto wa gesi, ule upande wa kwanza ukitazama chini. Itavimba ndani ya sekunde chache. Geuza mara moja, toa. Kwenye jiko la mkaa weka wavu juu ya makaa yaliyokwisha moshi, na nionavyo mimi hakuna moto unaoipa harufu nzuri kuliko huo. Mwenye jiko la umeme aiache kwenye chuma na kuibonyeza kingo kwa kitambaa kilichokunjwa, polepole, akisukuma mvuke uende palipobaki.

Kinachotokea ni kwamba pande zote mbili zimefanya ngozi nyembamba, katikati bado pabichi, na maji ya pale yanageuka mvuke kwa ghafla na kuzitenganisha ngozi hizo. Ukishaelewa hivyo, kila kasoro inajieleza. Upande wa kwanza ukikaa sana, ngozi inakuwa gamba lisilonyumbuka. Chuma kikiwa cha uvuguvugu, maji yanatoka polepole na roti inakauka bila kuvimba. Hiyo ndiyo inayokuwa ngumu zaidi, nayo wengi huiongezea muda jikoni wakidhani haijaiva. Ikivimba nusu tu, tafuta tundu au sehemu iliyosukumwa nyembamba mno. Ikiwa mbichi ndani huku nje imeungua, moto ulizidi au roti ni nene.

Ikitoka, paka nusu kijiko cha chai cha samli upande mmoja, hasa kama italiwa baadaye. Panga roti ndani ya kitambaa safi, kisha kwenye hotipoti, na uache mfuniko wazi dakika moja au mbili mvuke wa kwanza utoke. Ukifunga papo hapo maji yatadondoka juu na roti za chini zitalowa. Usiziweke kwenye friji, baridi ile huharakisha wanga kukakamaa. Zigandishe kwenye friza na karatasi katikati, kisha zipashe kwenye chuma cha moto.

Donge lililobaki linakaa kwenye friji siku moja, limepakwa mafuta kidogo na kufunikwa vizuri. Litabadilika kuwa la kijivu juu, kwa sababu ya hewa na vimeng'enya vya pumba, na halina ubaya. Likinuka uchachu, tupa. Litoe nusu saa kabla ya kusukuma.

Roti za jana zilizokauka, Wagujarati huzifanyia vaghareli rotli. Zikate vipande. Chemsha mafuta vijiko viwili vya chakula, tia nusu kijiko cha chai cha mbegu za haradali, zikianza kurukaruka ongeza binzari nyembamba, manjano na pilipili, kisha mtindi kikombe kimoja uliozimuliwa kwa nusu kikombe cha maji. Koroga kwa moto mdogo mtindi usikatike, tumbukiza roti, tia chumvi, zipe dakika tano.